Kuandika historia ya ukumbi wa tamthilia wa mji mdogo, hatua kwa hatua: tujifunze kwa Kamĩrĩĩthũ

Anayetaka kuandika historia ya ukumbi wa tamthilia wa kwao na aanze na jengo. Wengi huanza na tamthilia yenyewe: nani aliitunga, nani aliigiza, ilisifiwa vipi. Mwishowe hupatikana makala ya kumsifu mtunzi mmoja, na waliobeba mbao mabegani hawamo. Kazi yangu ni kusaidia vikundi vya vijijini kukusanya historia za aina hii, na mfano ninaoutumia kufundishia ni ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kilomita 30 hivi kaskazini magharibi mwa Nairobi. Ukumbi huo ulibomolewa mwaka 1982. Nimeuchagua kwa sababu hiyo hiyo: ukijua kuandika habari za jengo ambalo halipo tena, lile ambalo bado limesimama halitakushinda.

Hatua ya kwanza: uliza habari za ardhi

Kabla hujauliza habari za ukumbi, uliza kiwanja kilikuwa nini. Kilikuwa shamba la nani? Nani alikitenga, na kwa kazi gani?

Kamĩrĩĩthũ hakikuwa kijiji cha asili. Kilizaliwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya Wakikuyu zaidi ya milioni moja katika vijiji zaidi ya 800 ili kuwatenganisha na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Uhuru ulipokuja, kijiji kilibaki. Wakazi wake wakawa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani, kikiwemo kiwanda cha viatu cha Bata pale Limuru. Katikati ya watu hao palitengwa ekari nne kwa ajili ya kituo cha vijana. Hadi 1977, ekari hizo zilikuwa na kibanda kimoja tu cha vyumba vinne, kuta za udongo, kimeanza kubomoka, ambamo watu wazima walisomea masomo ya ngumbaru. Kwingine kote kulikuwa nyasi.

Ona ulivyokwisha kupata mengi kabla ya mwigizaji wa kwanza kufungua kinywa. Ukumbi uliota katika kijiji kilichojengwa ili kuwazuia watu wasikutane, na ukawa mahali pa kukutania. Sentensi hiyo huipati ukianza na mtunzi.

Kwa kazi hii utahitaji ramani. Kwa Kenya, nenda Idara ya Upimaji, Ruaraka, uulizie ramani za zamani na picha za eneo lenu zilizopigwa kutoka angani. Kisha keti na wazee wawili watatu, uwawekee picha hiyo mezani, unyamaze. Wataanza wenyewe kuonyeshana kwa kidole.

Hatua ya pili: lichore jengo

Usiandike aya hata moja juu ya maonyesho kabla hujaweza kuchora ukumbi kwenye karatasi: mlango ulikuwa wapi, jukwaa lilitazama upande gani, waigizaji walibadilishia nguo wapi, mvua ikinyesha watu walikwenda wapi.

Kwa Kamĩrĩĩthũ tunajua mengi, kwa sababu Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waliokuwepo, aliyaandika kwa makini. Jukwaa lilikuwa ulingo ulioinuliwa, umbo la nusu duara. Nyuma yake ukuta wa mianzi, nao wa nusu duara, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya vyumba vitatu iliyokuwa stoo na mahali pa kubadilishia nguo. Watazamaji walikaa juu ya mabenchi marefu ya mbao yaliyopangwa kama ngazi. Paa hakuna. Kuzunguka yote, ua wa mianzi. Nyuma ya mabenchi, mikaratusi mirefu. Ukumbi ulichukua watu zaidi ya 2,000, na kabla ya kuujenga, vijana waliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti.

Mchoro unakusaidia nini? Unakueleza tabia ya kazi yenyewe. Pale ambapo jukwaa na mabenchi vimekaribiana hivyo, mwigizaji hupita katikati ya watu na mtazamaji huingia katika wimbo bila kuitwa. Siku moja waigizaji wengine walipanda ile mikaratusi bila kuambiwa na mtu, wakaimba kutoka juu, wakasikika na kijiji kizima. Jambo hilo haliwezekani katika ukumbi wa taifa kule Nairobi, uliofunguliwa 1952, wenye paa, kuta na pazia. Aliyeuchora ukumbi anaelewa mara moja kwa nini mazoezi ya Kamĩrĩĩthũ yalifanywa hadharani, kila mpita njia akitazama na kusahihisha.

Ikiwa ukumbi wenu umebomolewa, mpe mzee kalamu na karatasi. Akikataa kalamu, mpe kijiti achore chini, nawe upige picha. Fanya hivyo na watu kadhaa, mmoja mmoja, bila mmoja kuona mchoro wa mwenziwe. Michoro ikipishana, usiilazimishe ifanane. Aliyekuwa mwigizaji atauchora ukumbi kutoka nyuma ya jukwaa, na aliyeuza chai atauchora kutoka langoni. Yote miwili ni kweli, na kwenye maandishi yako yote miwili itakaa.

Hatua ya tatu: zungumza na waliojenga

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, na usiuonee uchungu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1977 sasa anakaribia 70. Watunzi wote wawili wa tamthilia ya kwanza ya Kamĩrĩĩthũ, Ngaahika Ndeenda (yaani Nitaolewa Nikipenda), wamekwisha kufariki: Ngũgĩ wa Mĩriĩ mwaka 2008 huko Zimbabwe, na Ngũgĩ wa Thiong'o tarehe 28 Mei 2025 nchini Marekani. Vitabu vyao tunavyo. Mama aliyeshona mavazi hakuandika kitabu. Akiondoka, ameondoka nacho.

Usiende mikono mitupu. Sukari, majani chai na mkate vinatosha. Nenda na mtu wa pale anayejulikana, mjukuu au jirani, na ziara ya kwanza iwe ya kusalimiana tu. Simu ya kurekodi ibaki mfukoni hadi uombe ruhusa na kupewa. Ongea lugha aliyoizoea mzee. Limuru ni Kikuyu, na kama hukijui, tafuta mkalimani ambaye mzee mwenyewe anamwamini. Kiswahili kitakuja baadaye, wakati wa kuandika.

Maswali yawe ya mikono. Ukiuliza, "Tamthilia ile ilikuwa na maana gani kwenu?" utapewa hotuba. Uliza hivi:

- Mianzi ilikatwa wapi, na nani aliileta?
- Nani alichimba mashimo ya nguzo?
- Wewe ulikaa upande gani? Nani alikuwa kando yako?
- Watoto walilala wapi mazoezi yakichelewa?
- Mbao zilikwenda wapi baada ya kubomolewa?

Swali la mwisho liulize polepole, tena baada ya chai. Mahali ambapo polisi waliwahi kuja na malori, hofu haiishi kwa sababu rais amebadilika. Mzee akisema, "Hilo tuliache," liache. Mweleze tangu mwanzo kwamba jina lake si lazima liandikwe, na akibadili mawazo mwezi ujao, lifute bila kubishana naye. Historia iliyopatikana kwa kumtia mtu wasiwasi ndani ya nyumba yake haifai kuandikwa.

Rekodi zote ziwe na nakala mbili, mahali pawili tofauti, siku ile ile.

Hatua ya nne: tafuta karatasi

Ukumbi wa jamii husimama juu ya karatasi tatu: ya ardhi, ya usajili wa kikundi, na leseni ya kukusanyika au kuonyesha. Tafuta kila moja peke yake, maana kila moja ina ofisi yake na bwana wake.

Kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilisajiliwa kama mradi wa kujisaidia chini ya wizara iliyohusika na huduma za jamii. Leseni ya maonyesho ilikuwa mkononi mwa mkuu wa wilaya ya Kiambu. Kwa hiyo serikali ile ile ilikuwa na mlango wa kukisaidia kituo na mlango wa kukifunga. Mafaili ya wilaya yatafute katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ndani ya jengo lililokuwa benki. Magazeti ya zamani na Gazeti Rasmi la Serikali utayapata katika maktaba kubwa. Ukikosa karatasi ofisini, rudi kwa aliyekuwa katibu au mweka hazina wa kamati. Daftari la michango la mwaka fulani linaweza kuwa chini ya godoro hadi leo, na daftari hilo lina thamani kuliko hotuba ya waziri siku ya ufunguzi.

Hatua ya tano: panga tarehe katika safu tatu

Gawa karatasi kubwa katika safu tatu: watu, jengo, karatasi. Kila tarehe uliyoipata, iandike katika safu yake. Kwa Kamĩrĩĩthũ inakwenda hivi:

- 1976, watu: kikundi kinaanza. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kuwa mwanamke wa kijijini ndiye aliyemjia nyumbani, akarudi tena na tena, akimtaka awagawie wenzake elimu aliyo nayo. Masomo ya ngumbaru yanaanza.
- 1977, jengo: wanakijiji wanajenga jukwaa na mabenchi.
- 2 Oktoba 1977, watu: Jumapili, onyesho la kwanza la Ngaahika Ndeenda, likiongozwa na Kimani Gecau.
- 16 Novemba 1977, karatasi: leseni inaondolewa.
- 31 Desemba 1977, watu: Ngũgĩ wa Thiong'o anakamatwa. Anazuiliwa bila kushtakiwa hadi 12 Desemba 1978.
- Februari 1982, karatasi: kikundi kina tamthilia mpya, Maitũ Njugĩra (yaani Mama, Niimbie), lakini kinakuta milango ya ukumbi wa taifa imefungwa. Mazoezi yake Chuo Kikuu cha Nairobi, yaliyokuwa yakifurika watu, nayo yanasimamishwa.
- 11 Machi 1982, karatasi: usajili wa kituo unafutwa.
- 12 Machi 1982, jengo: polisi wanafika kwa malori matatu na kuubomoa ukumbi.

Sasa isome karatasi yako kwa kuvuka safu. Mwaka 1977 leseni ilikufa na mtunzi akafungwa, lakini jengo na watu walibaki. Ndiyo maana kazi ilifufuka. Mwaka 1982 usajili ulifutwa siku moja, na kesho yake jengo likaangushwa. Waliotoa amri hiyo walijua kuwa mabenchi yakibaki, watu watarudi kuyakalia. Hilo sikulisoma katika kitabu cha nadharia. Linaonekana wazi tarehe zinapokaa katika safu zake, na orodha moja ndefu ingelificha. Hatua hii usiiruke hata kama ukumbi wenu una historia ya amani kabisa.

Hatua ya sita: sasa ingia katika tamthilia

Wakati wa tamthilia umefika, na utaisoma kwa jicho jingine. Ngaahika Ndeenda inamhusu Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, ambaye hatimiliki yake imetundikwa ukutani. Tajiri Kĩoi na wenzake wanaitamani ardhi hiyo wajenge kiwanda, na mwishowe karatasi ya ukutani haimwokoi mwenyewe. Wakumbuke waliokuwa wakitazama: vibarua wa chai na wafanyakazi wa kiwandani, wameketi juu ya mabenchi waliyoyajenga wenyewe, katika kijiji kilichoanzishwa kwa amri ya mkoloni. Wengi wao walichangia maneno ya tamthilia wakati wa mazoezi. Wazee walisahihisha lugha na nyimbo, na waliokuwa msituni walieleza jinsi bunduki za kienyeji zilivyotengenezwa.

Eleza kisa kwa aya moja au mbili, utosheke. Msomaji anayetaka zaidi ataisoma tamthilia yenyewe.

Hatua ya saba: fuata yaliyotokea baadaye

Historia ya ukumbi haikomi siku ya kubomolewa. Kimani Gecau na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe na kuendeleza huko kazi ya tamthilia za jamii. Mahali pa ukumbi pakawa na chuo cha ufundi. Mei 2022, Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika ukumbi wa taifa, Nairobi, ule ambao milango yake ilikuwa imefungiwa Maitũ Njugĩra miaka 40 kabla. Na kwenu je, kikundi kilihamia wapi? Kanisani? Shuleni? Chini ya mti? Andika.

Hatua ya nane: rudisha maandishi

Kabla ya kuchapisha popote, chapa nakala kwa herufi kubwa, uzipeleke kijijini, usome kwa sauti mbele ya waliokupa habari. Msomaji awe kijana wa pale. Kila anayepinga jambo, mwandike alichosema pembeni, na maelezo yake yaingie katika toleo la mwisho hata yakipingana na ya mwenzake. Kisha acha nakala moja katika shule ya msingi iliyo karibu, moja katika maktaba ya kaunti, na moja kwa kila familia iliyokufungulia mlango. Rekodi za sauti ziweke pale kikundi kilipokubaliana, pamoja na karatasi yenye majina ya waliokubali kusikika na ya waliokataa.