AMODE na RMODE: programu inakaa wapi, inafika wapi

Vijana wa Mbeya wanaojifunza meinfremu (kompyuta kubwa za IBM) kwa mbali kupitia IBM Z Xplore, jukwaa la mafunzo la IBM, hukwama sana hapa, kwa sababu huchanganya mambo mawili. RMODE inasema programu ipakiwe wapi kwenye kumbukumbu. AMODE inasema itumie anwani za urefu gani.

1. Jua mipaka. System/360 ya mwaka 1964 ilikuwa na anwani za biti 24, zinazoishia megabaiti 16. Baadaye zikaja biti 31 (gigabaiti 2), na mwaka 2000 biti 64. Programu za zamani bado ziko kazini, ndiyo maana mpaka wa megabaiti 16 unatusumbua hadi leo.

2. Angalia kabla ya kugusa. Fungua maktaba ya programu kwa ISPF (menyu za kazi za meinfremu), chaguo 3.4, usome safu za AM (AMODE) na RM (RMODE). Ukitaka undani, endesha AMBLIST, programu ya kuchapisha maelezo ya programu nyingine. (Umeme ukikatika Mwanjelwa usihangaike, kazi uliyokwisha kuituma inaendelea hukohuko kwenye meinfremu.)

3. Fuatilia anwani zinazopokezanwa. Matatizo mengi yako hapa. Tuseme programu ya AMODE 31 inaita ya AMODE 24 na kuikabidhi anwani 01A3F2C8. Hiyo ya 24 haisomi baiti ya mbele, kwa hiyo inakwenda 00A3F2C8. Ni kama namba ya simu iliyofutwa tarakimu: pengine haipatikani, pengine anapokea mtu mwingine. Isipopatikana utaona S0C4 (programu inakatizwa kwa kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), na hapo shukuru. Akipokea mwingine, programu inaendelea kimyakimya na data isiyo yake. Kwa hiyo data ya kukabidhi programu ya 24 iombe chini ya mpaka wa megabaiti 16, kwa STORAGE OBTAIN (amri ya kuomba kumbukumbu) yenye LOC=24.

4. Weka modi. Kwenye maelekezo ya binda, yaani programu inayounganisha vipande kuwa programu moja ya kuendeshwa, andika:

MODE AMODE(31),RMODE(24)

Mimi huanza na hiyo kwa programu ya asembla iliyobeba DCB (kipande kinachoeleza faili la kusomwa au kuandikwa) ndani yake, maana DCB lazima ikae chini ya megabaiti 16. Usijaribu AMODE 24 na RMODE ANY (ruhusa ya kupakiwa hata juu ya megabaiti 16). Binda haikubali, na ina haki: programu ingepakiwa mahali isipoweza kufika.

5. Hakikisha nakala mpya ndiyo inayosomwa. Kama maktaba iko chini ya LLA, huduma inayotunza orodha ya maktaba kwenye kumbukumbu, mwombe opereta atoe amri F LLA,REFRESH. Kwenye CICS, mfumo wa kuendesha miamala, fanya NEWCOPY ili isome nakala mpya.