Zamu ya usiku ukishavuka miaka 50: namna ya kuomba kuondolewa

Mtu aliyesimama miaka 20 kwenye mashine za kusokota nyuzi akianza kusahau kazi anayoijua, kuwafokea vijana na kuichukia zamu kabla haijaanza, huambiwa apumzike. ED (ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini) ya siku 3 ikiisha, anarudi kwenye ratiba ileile iliyomchosha. Ratiba ndiyo ya kubadilisha, na kwa Tanzania sheria inakupa pa kushikia.

Anzia hospitali. Pima presha, sukari na wingi wa damu, maana uchovu wa maradhi hayo hufanana na uchovu wa kazi lakini tiba yake ni nyingine. Nenda na daftari la wiki 2: saa za kuingia na kutoka, saa ulizopata usingizi (si ulizojilaza tu), na makosa uliyofanya kwenye mashine.

Hapa ndipo wengi wanapokwama: daktari akiandika “kazi nyepesi”, utapewa ufagio, usiku uleule. Mwombe, kama naye anaona hivyo, aandike wazi kwenye cheti kwamba kiafya hufai kufanya kazi usiku, na kwa muda gani. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinauhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 alfajiri. Kinamkataza mwajiri kumpanga usiku mwenye cheti hicho, na kinamtaka amhamishe, isipokuwa pale isipowezekana.

Peleka cheti na barua kwa afisa utumishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kumwambia supavaiza kwa mdomo ni kupoteza muda. Kama TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ina tawi kiwandani, viongozi wake wajue mapema. Piga hesabu pia: nyongeza ya usiku, angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, itakatika.

Usipopata cheti, au wakati barua inashughulikiwa, dai ratiba izunguke kwenda mbele: asubuhi, mchana, kisha usiku. Ikirudi nyuma inakula usingizi. Usiku mfululizo usizidi 3. Usikubali kuunganisha zamu. Kwa kawaida sheria inataka saa 12 za kupumzika kabla ya kuingia tena.

Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Lala 20 kati ya hizo, usizidishe, la sivyo utaamka mzito na vidole vitakuwa karibu na mashine. Kama utalala saa 2 asubuhi, kahawa au chai ya mwisho iwe saa 8 usiku.

Ukikaa wiki 4 bila zamu ya usiku na bado huna hamu ya chakula wala ya watu, rudi kwa daktari. Hiyo yaweza kuwa sonona, na likizo peke yake haiitibu.