Namna ya Kufuatilia Kazi ya Nahodha wa Merikebu za Chai

Anayetaka kuandika habari za nahodha aliyesafirisha chai kutoka China hadi London katika karne ya 19 na aanze na namba, si jina. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1850 ilimtaka kila nahodha wa merikebu ya safari za ng'ambo awe na cheti, na namba ya cheti hicho ilimfuata mwenyewe kutoka chombo hadi chombo. Majina ya Waskoti, ambao walikuwa wengi katika kazi hii, hujirudia mno, na mtafiti asiyeshika namba huishia kuwaunganisha watu wawili katika maisha ya mmoja. Maombi ya vyeti yamehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, na humo mara nyingi mwombaji ametaja mahali alipozaliwa na vyombo alivyovitumikia.

Kisha tafuta mikataba ya mabaharia, ambayo sehemu yake kubwa, kwa miaka ya kuanzia 1860 na kitu, iko Newfoundland, Canada. Wengi huishia kwenye jina la nahodha, nami naona hilo ni kosa, kwa kuwa orodha ya mabaharia ndiyo inayomweleza: kila mmoja ameandikiwa umri, mshahara na chombo alichotoka, hivyo utajua ni wangapi waliokubali kusafiri naye tena na ni wangapi waliotoroka bandarini.

Penye kazi hasa ni kupima safari zenyewe. Hesabu ya siku peke yake hupotosha. Merikebu iliyong'oa nanga Fuzhou mwishoni mwa Mei, ikiwa na chai mpya, ilikutana na upepo wa kusi usoni na kulazimika kwenda bisho, yaani kwa kupindapinda dhidi ya upepo, katika bahari ya China hadi mlango wa Sunda, ilhali iliyoondoka Desemba ilisukumwa na kaskazi kwa nyuma. Siku 100 za Juni, basi, si siku 100 za Desemba, na kabla ya kumsifu au kumlaumu mtu ni lazima uandike tarehe ya kuondoka kando ya idadi ya siku.

Hata ushindi unahitaji kuchunguzwa. Katika mashindano ya merikebu za chai ya mwaka 1866, Taeping ya nahodha MacKinnon iliingia gatini London dakika 28 kabla ya Ariel ya nahodha Keay, baada ya siku 99 hivi, kila moja ikiwa na zaidi ya ratili milioni moja za chai. Lakini katika mlango bahari wa Uingereza Ariel ilikuwa mbele kidogo. Kilichoamua mwishoni ni stima za kuvuta, maji kujaa na milango ya gati. Wenye merikebu walikubaliana kugawana zawadi.

Kushindwa nako kuna mengi. Mwaka 1872 merikebu mbili za chai, Cutty Sark na Thermopylae, ziliondoka Shanghai siku moja, tarehe 18 Juni. Katika Bahari ya Hindi Cutty Sark, iliyokuwa imetangulia sana, ilipoteza usukani kwa dhoruba. Nahodha wake, Moodie, alikataa kukimbilia bandari ya karibu, ingawa ndugu wa mwenye merikebu aliyekuwamo alitaka hivyo, akaamuru usukani mwingine utengenezwe kwa nguzo za akiba, vyuma vikifuliwa palepale juu ya sitaha huku chombo kikiyumba. Alifika London wiki moja baada ya mpinzani wake. Anayesoma jedwali la siku tu, ambalo linasema 122, atamweka miongoni mwa wazembe.

Jina likipotea ghafla katika orodha baada ya mwaka 1869, usiharakishe kudhani mtu amekufa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba mwaka huo, chai ikahamia kwenye meli za mvuke, na manahodha wa merikebu za tanga wakalazimika kuchagua: Moodie mwenyewe aliiacha Cutty Sark baada ya safari ile, na anayemtafuta baada ya hapo atazame orodha za meli za mvuke.