Namna ya kuifuata njia ya gari la moshi la zamani la Zanzibar, Ngome Kongwe hadi Bububu

Kwanza ujue: reli huioni. Iling'olewa zamani, na sehemu kubwa ya njia yake imelala chini ya lami tunayopita na daladala kila siku. Usiende kutafuta chuma. Utarudi umenuna, kama walivyonuna wajukuu zangu mara ya kwanza.

Toka mapema, ukishasali alfajiri. Ni kilomita 11 hivi, na jua la saa nne pale Maruhubi halina huruma. Chukua maji, viatu vya kufunga, na nauli ya daladala namba 502 ya kurudia.

Anzia Ngome Kongwe, ilipoanzia reli ya Wamarekani wa kampuni ya Arnold Cheney, iliyokamilika 1905. Simama kidogo, tazama vichochoro vya kuelekea Malindi, kisha fikiria injini inapita humo, kengele inalia, watu wamejibanza ukutani. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Kibweni, akisema wakilisikia tu walikuwa wakikimbilia kuanua nguo, maana cheche hazichagui kanga wala paa la makuti.

Wengine watakwambia hii ndiyo reli ya Sultani Sayyid Barghash. Siyo. Ile ya 1879 ilikwenda kusini, kwenye jumba lake la Chukwani, na mwanzo ikivutwa na nyumbu. Hii ya Bububu ilikuwa ya kila mtu: toa nauli, panda.

Maruhubi na Mtoni pita tu, magofu yale ya majumba ya masultani yana siku yake. Ukishapita Mtoni punguza mwendo, tazama kando ya barabara, tafuta matuta na vidaraja vya zamani. Hapa ndipo mie nilipoumbuka. Nilipiga picha ukuta wa mawe, nikauonesha nyumbani kwa fahari, daraja la reli hilo! Mzee jirani akaitazama picha, akacheka mpaka akashika mbavu. Mtaro wa maji, tena wa juzijuzi. Akanifunza: mtaro hupinda utakavyo, lakini tuta la gari la moshi halipindi ghafla wala halipandi ghafla, injini isingeweza. Basi panda juu ya tuta, angalia mbele na nyuma. Jicho likienda laini kama uzi, hapo pana maneno. Ukiona kona ya kiwiko, ondoka.

Ukikwama uliza, ila usianze na swali. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ndiyo useme: "Mzee, gari la moshi lilikuwa likipita wapi?" Ukisema "reli" wengi watakutazama tu.

Beit el-Ras omba ruhusa, ni eneo la masomo. Sultani Sayyid Said alianza kujenga jumba hapo, akafa halijesha, na mawe yake mengi yakaja kujengea reli. Jumba la mfalme, likakanyagwa na magurudumu!

Bububu ndiyo mwisho. Abiria walikoma 1922, magari yalipolishinda gari la moshi, likabaki kubeba mawe ya kazi za bandari. Kaa chini, kunywa chai, na hapo utaambiwa jina la Bububu limetokana na mlio wa injini: bu-bu-bu. Itikia tu kwa adabu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa 1886, reli haijazaliwa. Nimewaeleza wajukuu mara tatu. Kwenye 502 ya kurudi, njia nzima: bu-bu-bu.