Likizo ya mwaka na ya ugonjwa: jinsi ya kuomba ukiwa umeajiriwa Dar

Kabla hujaandika barua, tafuta tarehe uliyoanza kazi. Wengi wetu tunahesabu likizo kwa kalenda ya ukutani, Januari hadi Desemba, na baadhi ya ofisi nazo hupanga hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu miezi 12 tangu siku uliyoajiriwa. Kama ulianza tarehe 1 Machi 2025, mzunguko wako umeisha mwishoni mwa Februari 2026, na likizo hiyo inapaswa iwe imechukuliwa ndani ya miezi sita inayofuata, yaani kabla Agosti haijaisha. Inaweza kusogezwa hadi miezi 12, lakini kwa ridhaa yako na kwa sababu ya kweli ya kikazi.

Nasisitiza tarehe kwa sababu ya wale wanaojisifu kwamba wana likizo za miaka minne "zimelala ofisini". Siku usizochukua ndani ya muda huo, sheria inasema huwezi kudai malipo yake utakapoondoka. Kwa hiyo usilimbikize.

Siku zenyewe ni 28 mfululizo. Jumapili zimo, na Iddi au Pasaka ikiangukia humo imeliwa. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hizo ni siku 20 za kazi. Kwa anayefika mpaka Jumamosi, ni 24. Tena, ruhusa za malipo ulizoomba mwenyewe katikati ya mwaka, ya harusi Tanga au ya kumpeleka mtoto bweni, mwajiri anaweza kuzitoa humo. Muombe afisa utumishi akuonyeshe salio kwa maandishi kabla hujaenda Stendi ya Magufuli kukata tiketi.

Aliye na chini ya miezi sita kazini bado hana haki ya likizo ya malipo. Lakini vibarua wa maghala na viwanda vya Barabara ya Nyerere wasikilize hapa: ukiitwa, ukapumzishwa, ukaitwa tena na mwajiri yuleyule, vipindi hivyo vinajumlishwa. Vikizidi miezi sita ndani ya mwaka, haki unayo.

Sasa barua. Anayepanga lini uende likizo ni mwajiri, kwa hiyo peleka ombi mapema na uweke tarehe mbili za kuchagua. Isizidi nusu ukurasa:

"Yah: Ombi la likizo ya mwaka. Niliajiriwa tarehe 1 Machi 2025 na nimemaliza mzunguko wa miezi 12. Naomba likizo yangu ya siku 28 kuanzia tarehe 1 Juni 2026, au tarehe 1 Julai 2026 iwapo ya kwanza haitafaa. Majukumu yangu nitayakabidhi kwa mwenzangu wa zamu kabla ya kuondoka. Naomba pia malipo ya likizo yafanyike kabla sijaianza, kama sheria inavyoelekeza."

Toa nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bosi akisema "tutaongea", mtumie ombi hilohilo kwa barua pepe au WhatsApp siku ileile. Maneno ya kwenye korido hayana tarehe. Ukishakuwa likizoni, mwajiri hawezi kukulazimisha kufanya kazi, hata ile ya "ingia mara moja utufungie hesabu". Nauli ya likizo ni habari nyingine: kwa sekta binafsi, angalia mkataba wako au mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri), sheria hii haikuitaja.

Ugonjwa una hesabu yake: siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Piga simu asubuhi hiyohiyo, kisha fuatisha ujumbe wa maandishi. Hospitalini usiondoke bila ED, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi. Risiti ya duka la dawa haitoshi, na pasipo cheti cha daktari aliyesajiliwa mwajiri halazimiki kukulipa siku hizo. Hakikisha cheti kina jina lako kamili, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sahihi na mhuri; nimeona ED zikirudishwa kwa kukosa tarehe ya mwisho tu. Piga picha kabla hujaikabidhi. Wakikuambia siku za ugonjwa zitakatwa kwenye likizo ya mwaka, kataa kwa adabu: mwajiri haruhusiwi kuweka likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine unayostahili.

Aliyeumia kazini aulize pia habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana malipo yake hufuata njia tofauti.

Ukinyimwa, anza na tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, au afisa kazi. Visipofaa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala kwanza, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Mgogoro wa likizo una siku 60 tangu ulipoanza. Ukiwa umeachishwa kazi, ni 30 tu. Usuluhishi hupewa siku 30, na huna haja ya kuogopa kwa kuwa hukupewa mkataba wa maandishi. Mwajiri asipoweza kuutoa, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Wewe nenda na ile nakala yenye mhuri.