Saratani ya tezi dume: namna ya kuishi na hofu ya majibu na ya kila maumivu

Nilipigwa mionzi ya tezi dume Ocean Road, Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Tanga na kadi ya kliniki na ratiba ya sindano ya homoni, ile ya kushusha homoni ya kiume inayolisha saratani hii, kila baada ya miezi mitatu. Mionzi ina siku ya kumalizika. Hofu haina, na kwa wazee wengi ninaokaa nao kwenye benchi la kliniki, hiyo ndiyo inayowakosesha usingizi. Kiuno kikiuma, imeingia kwenye mifupa. Mkojo ukichelewa kutoka, imerudi. Ukiwa hivyo, mzee mwenzangu, yafuatayo ndiyo ninayoyafanya mimi, nami nakusihi uyajaribu.

Anza na daktari, siku ambayo umetulia. Muulize swali moja: "PSA yangu ikifika ngapi ndipo tutachukua hatua?" PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, nayo hupimwa kwenye damu kwa nanogramu kwa mililita. Jibu hutegemea ulitibiwaje. Aliyefanyiwa upasuaji akaondolewa tezi yote anatarajiwa kuwa na kiwango kidogo mno, na kwa kawaida madaktari huanza kusema ugonjwa umerudi PSA ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikathibitisha. Sisi wa mionzi tezi tunayo bado, kwa hiyo namba zetu ni nyingine: huangaliwa kama imepanda kwa 2 juu ya kiwango cha chini kabisa ulichowahi kufikia. Kama cha chini chako kilikuwa 0.4, basi ni 2.4 ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali. Kutoka 0.4 kwenda 0.9 hakujafika huko. Tena katika miaka ya mwanzo baada ya mionzi PSA inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe, bila dawa yoyote. Anayetumia sindano za homoni pekee au ambaye ugonjwa ulishasambaa ana hesabu yake pia; aulize yake, asichukue ya jirani.

Ukishapewa namba yako, iandike mahali utakapoiona. Mimi nimeiandika kwa wino mwekundu ndani ya jalada la daftari, na chini yake nimepanga majibu yote ya nyuma kwa tarehe. Hofu hupenda namba moja iliyo peke yake. Zikikaa sita au saba kwenye mstari, unaona mwendo, na mwendo ndio daktari anaoutazama.

Siku mbili kabla ya kutoa damu, usikutane na mkeo na usiendeshe baiskeli. Najua kwa mtu wa Tanga hili la baiskeli ni zito, lakini yote mawili yanaweza kuipandisha PSA. Maambukizi kwenye njia ya mkojo nayo huipandisha, hivyo ukihisi mkojo unachoma, sema kabla hujatolewa damu. Pima kwenye maabara ileile kila mara, maana mashine hutofautiana. Na karatasi ya majibu ikija, usihangaike na ile safu ya pembeni inayosema kawaida ni 0 hadi 4. Hiyo ni ya mwanaume ambaye hajatibiwa. Wewe angalia daftari lako.

Siku za kusubiri ndizo ngumu. Uliza tangu mwanzo majibu yatatoka lini na utayapataje, na kama inawezekana toa damu mwanzoni mwa wiki, usije ukakaa Jumamosi na Jumapili ukiitazama simu. Jipangie kazi ya mikono. Usiyasome majibu ukiwa peke yako. Kwetu mama watoto ndiye anayeipokea karatasi, huvaa miwani, hufuatisha mstari kwa kidole, hutaja namba kwa sauti, kisha huniuliza, "Kwenye daftari tulisema ngapi?" Mpaka nifunue jalada na kusoma, moyo umeshapunguza mwendo.

Sasa maumivu. Ni kweli saratani hii ikisambaa hupenda mifupa, hasa uti wa mgongo, nyonga na mbavu, kwa hiyo si vyema mtu akwambie "acha kuwaza". Kinachosaidia ni kuwaza kwa utaratibu. Maumivu yakianza, andika tarehe, mahali, na ulichofanya siku ile. Mwezi uliopita kiuno kilinikamata upande wa kushoto. Nikaandika: "Jana nimebeba madumu ya maji kutoka bombani." Kikauma nikiinama, kikapoa nikilala chali, na siku zilivyokwenda kikaachia. Maumivu ya msuli hubadilika ukibadilisha mkao. Ya kuyapeleka kliniki ni yale mapya yasiyoisha wiki mbili zikipita, au yanayozidi siku hadi siku, au yanayokuamsha usiku na kuuma hata ukiwa umejipumzisha. Ukiwa na kanuni hiyo, huna haja ya kujibonyeza mgongo kila saa, na kwa kweli kujibonyeza kwenyewe huleta uchungu.

Sindano ya homoni ina vishindo vyake, na wengi hudhani ni ugonjwa unazidi. Joto linakupanda kifuani hadi usoni, jasho linakulowanisha, kisha unaona baridi. Kwa mtu aliyekulia pwani, hiyo ni malaria tu. Weka kipimajoto nyumbani. Jasho la homoni halileti homa. Ukisoma 38 au zaidi, hiyo ni homa, nenda ukapimwe. Uchovu, hasira za ghafla na huzuni nazo mara nyingi hutokana na sindano hiyo. Mweleze mkeo mapema ili asidhani amekukosea.

Na hofu yenyewe ina dalili. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, tumbo linavuruga, na unakwenda chooni mara kwa mara kukojoa kidogo kidogo. Hapo ndipo mtu wa tezi dume hujikuta kwenye mtego: hofu imemkojoza, naye anaona kukojoa huko ni saratani. Kaa kwenye kiti, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, itoe taratibu kwa kuhesabu hadi 6, kwa dakika tano hivi. Kutembea asubuhi husaidia mwili na kichwa pia. Mimi hutoka baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijakaza.

Usiku usiulize simu habari za saratani. Swali likija, liandike kwenye daftari, lisubiri kliniki. Vivyo hivyo kijiweni: kila penye kahawa na kashata yupo anayemjua fulani aliyekufa kwa tezi dume kwa muda mfupi. Ugonjwa wa fulani haukuwa wako. Waulize madaktari ya kwako iko hatua gani na ilipewa alama ngapi za ukali, kati ya 6 na 10, baada ya kukatwa kinyama cha kupima, maana ziko zinazokwenda polepole kwa miaka mingi. Na anayekuuzia dawa ya chupa ya kumaliza saratani ananunua hofu yako. Usiache sindano kwa ajili yake.

Ikiwa wiki zinapita hulali, huli, huoni raha ya chochote, au unawaza kuwa afadhali ufe, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Hiyo nayo hutibiwa, na mzee kulia mbele ya daktari hakumpunguzii heshima.

Yapo mambo machache ambayo hayasubiri daftari wala wiki mbili. Miguu kulegea au kufa ganzi. Maumivu ya mgongo yanayokubana kifua au tumbo kama mkanda, au yanayozidi ukikohoa. Mkojo kugoma kabisa, au mkojo na choo kutoka bila kujua. Mkojo wenye damu ya mabonge. Homa ukiwa kwenye dripu za dawa za saratani. Hapo unakwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu uti wa mgongo ukibanwa, matibabu yakichelewa mtu anaweza asitembee tena. Ukifika mapokezi usiseme "mgongo unauma" tu, utawekwa kwenye foleni. Sema, "Nina saratani ya tezi dume, na miguu imeanza kulegea leo." Aliyekusindikiza naye aijue sentensi hiyo kwa moyo, aiseme kama wewe huwezi.