Usile kwa Kuwa Unaweza: Sataranji kwa Waliozoea Bao na Dama

Anayejifunza sataranji Lamu mara nyingi amekwisha komaa kwenye bao au dama, na hiyo ni akiba kubwa: macho yake yameshazoea kuona mbele. Ila kuna tabia moja inayomponza. Kwenye bao, mtaji (nafasi ya kula) ukiwepo huna ruhusa ya kuuacha. Kwenye dama vilevile, kula ni lazima. Sataranji haina lazima hiyo, na wengi wanaojua vizuri mwendo wa kila kete hukwama hapo hapo. Wakiona cha kuliwa, mkono umeshafika.

Kwanza, hesabu. Askari ana thamani ya 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Kisha angalia ule mraba wenye kete unayotaka kuila: wangapi wako wanaushambulia, na wangapi wa mwenzako wanaulinda? Ili upate askari anayelindwa, washambulizi wawe wengi kuliko walinzi, na wa thamani ndogo watangulie. Ukimtanguliza malkia kwenye mraba unaolindwa na askari, hata ungekuwa na watatu nyuma yake umekwisha pata hasara.

Lakini pointi peke yake hudanganya. Panga ubao ufuate mchezo huu. Herufi a hadi h ni safu za wima kuanzia kushoto kwa mweupe, na namba 1 hadi 8 ni safu za mlalo kuanzia upande wake; mraba ukitajwa peke yake, anayesogea ni askari. Mweupe e4, mweusi e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, askofu c5. Mweupe anamsitiri mfalme upande mfupi (mfalme anaenda g1, ngome inaruka kukaa f1), mweusi anatoa farasi f6. Sasa mweupe anaona f7, anapeleka farasi g5. Mweusi naye anamsitiri mfalme wake. Farasi anakula f7, ngome inamla, askofu anaila ngome, mfalme anamla askofu.

Mweupe ametoa 6, amepata 6: ngome na askari. Wengi huandika hapo kwamba wako sawa. Hawako sawa hata kidogo. Farasi yule alitumia hatua tatu na askofu hatua mbili, na wote wawili wametoka ubaoni. Mweusi ana farasi wawili na askofu waliokwisha ingia kazini. Mweupe hana hata kete moja kubwa (isiyo askari) iliyotoka mbele. Mapema namna hii, farasi na askofu wakishirikiana hushinda ngome na askari, kwa sababu ngome bado haina njia iliyo wazi ya kupita.

Badala ya g5, sogeza askari d3. Baadaye c3 kumzuia farasi wa c6 asiingie d4, ngome e1, halafu farasi wa b1 apite d2, f1, hadi g3. Ni polepole, lakini kila kete inapata kazi. Ukikosa la kufanya, tafuta kete yako iliyolala kuliko zote uiamshe.

Kuna kula kunakofaa, bila shaka. Baada ya e4 na d5, kula d5 ni sawa: malkia akija kulipiza, unatoa farasi c3 na lazima akimbie. Umepata hatua ya bure.

Ukiwa mbele kwa kete nzima, badilishana kete kubwa, usiwamalize askari wako. Mfalme na farasi mmoja, au na askofu mmoja, hawawezi kumfunga mfalme mtupu. Unahitaji askari wa kufika mwisho na kugeuka malkia. Aliye nyuma hufanya kinyume: atafute kumaliza askari.

Tahadhari na mwisho wa mchezo pia. Kwenye bao na dama, asiye na pa kwenda ameshindwa. Kwenye sataranji, asiye na hatua na mfalme wake hashambuliwi amepata sare. Mfalme mweusi akiwa amebaki peke yake a8, ukimweka malkia wako b6 ikiwa ni zamu yake, umeutupa ushindi.

Fanya mazoezi ukiwa umeweka mikono mapajani. Kanuni za mashindano ni kali: ukigusa kete yako utaicheza, na ukigusa ya mwenzako, kama inaweza kuliwa, utaila utake usitake.